Rilei za taa za ziada: zijenge mezani kabla ya kuzifunga garini

Usiku ule tulikuwa tumeshaiacha Engaruka, tunaelekea Ngare Sero, upande wa Ziwa Natron. Anayeijua njia ile anajua vumbi lake: laini kama unga wa muhogo, linapenya hata pale unapodhani hewa yenyewe haipiti. Taa zangu mbili za kwenye bampa zikazimika ghafla. Nikasimama, nikafungua boneti, na kabla sijawasha tochi harufu ya plastiki iliyoungua ikanipokea.

Nyuma ya betri kulikuwa na fundo la waya, na ndani ya fundo hilo rilei tatu (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa) zinaning'inia, zimefungwa pamoja kwa kamba ya plastiki na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imeshalegea kwa joto, gundi yake inanata vidoleni. Soketi moja ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini namba 87, na temino jike iliyokuwa ndani yake, yaani kile kichuma cha mwisho wa waya kinachoishika pini, ilikuwa imetanuka, inacheza kama jino bovu. Waya zote zilikuwa nyekundu. Upi unatoka betri, upi unakwenda taa, upi unatoka swichi? Nilihangaika muda wa saa moja na nusu, familia imekaa ndani ya gari gizani, kisha nikakata tamaa na kumalizia safari polepole kwa taa za kawaida.

Fundi aliyezifunga alikuwa anaujua umeme, kwani taa ziliwaka vizuri siku niliyolichukua gari na ziliendelea kuwaka kwa miezi. Tatizo lilikuwa pale rilei zilipokaa. Rilei inayoning'inia inatikisika kwa kila kijituta cha barabara ya vumbi, na uzito wake wote unabebwa na temino zake. Temino inatanuka kidogo kidogo, mahali inapogusana na pini panapungua, ukinzani unaongezeka, na palipo na ukinzani na ampea nyingi patakuwa na joto. Soketi inaanza kuiva. Fyuzi haiwezi kukuokoa hapo, kwa sababu umeme unaopita haujazidi kiwango chake.

Niliporudi Arusha nilikwenda kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari pale Unga Limited. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda. Aliuangalia ule mzigo niliomletea kwenye mfuko, akaniambia, "Kijana, rilei haifungwi garini. Inafungwa mezani, halafu meza ndiyo inafungwa garini." Nimefunga magari manne tangu siku hiyo, langu na ya ndugu na rafiki, na sijapata njia bora kuliko hiyo.

Alichomaanisha mzee ni hiki. Chukua bati la alumini la unene wa milimita 3. Kabla ya kulikata, kata kwanza boksi gumu, liingize kwenye nafasi unayoitaka, funga boneti taratibu uone kama inagusa, zungusha usukani, tikisa mabomba ya jirani. Boksi likikaa vizuri ndipo ulichore kwenye bati. Kwenye Land Cruiser mkonga kama yangu, upande wa ndani wa matigadi karibu na betri kuna matundu yenye nati zilizochomelewa toka kiwandani. Zinakula bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10. Tumia hayo. Usitoboe bodi kama hujalazimika, maana kila tundu jipya ni kutu ya kesho.

Kaa mbali na ekzosi, na usikae juu kabisa ya betri, kwa sababu mvuke wa asidi unakula shaba hadi waya unageuka kijani ndani ya ganda lake. Mimi nimeacha kama kiganja kimoja kati ya betri na bati.

Soketi nunua zile zinazoshikana ubavu kwa ubavu, kisha zifunge kwenye bati kwa bolti na nati yenye nailoni ndani, isiyolegea kwa mtikisiko. Pini zitazame chini, na waya ushuke kwanza chini ya soketi ndipo upande kuelekea unakokwenda. Ukivuka korongo lenye maji, feni ya injini inayarusha kila upande. Maji yanayotiririka kwenye waya yadondoke pale kwenye mpindo, yasifuate waya hadi ndani ya rilei.

Sasa waya. Pini 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi, pini 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za koili, ile sumaku ya umeme inayovuta swichi iliyo ndani ya rilei. Koili inakula umeme mdogo sana, kama ampea 0.2 hivi, kwa hiyo waya wa swichi ya dereva unaweza kuwa mwembamba. Waya wa 30 na 87 ndio wa kununua kwa pesa. Taa zangu mbili ni za wati 100 kila moja: wati 200 gawanya kwa volti 12 unapata karibu ampea 17. Nimetumia waya wa milimita za mraba 4 na fyuzi ya ampea 25. Taa ndefu ya LED ya juu ya keria ni wati 120, yaani ampea 10, nikaweka waya wa 2.5 na fyuzi ya 15. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kazi yake ni kulinda waya, na kipande cha waya kilichotangulia fyuzi hakina mlinzi. Kikichubuka na kugusa bodi, gari linaungua.

Wengi wanaona waya mnene ni ufahari. Taa ya halojeni ya volti 12 ikipungukiwa volti moja tu, mwanga wake unashuka kwa karibu robo. Wakati ule wa Engaruka nilikuwa napoteza karibu volti 2 njiani bila kujua, nikidhani taa zenyewe ni hafifu. Pima mwenyewe: washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya taa. Mimi sasa napata 0.3. Ukiona imezidi 0.5, tafuta kiungo kibovu.

Kuna jambo linawasumbua watu wengi wa Toyota, nami lilinisumbua siku nzima. Ukitaka taa za ziada ziwake pamoja na fulu (mwanga wa mbali wa taa kubwa), umezoea kuchukua waya wa fulu kama chanya, unaupeleka pini 86, kisha 85 unaipeleka ethi, yaani hasi kupitia bodi ya gari. Kwenye Land Cruiser hizi haikubali. Taa kubwa zinapata chanya moja ya pamoja, na swichi inakatiza upande wa hasi. Waya wa fulu ukiupima na fulu imewashwa, unakuta ni ethi. Dawa yake ni kuiweka koili kati ya ile chanya ya pamoja na waya wa fulu: chanya kwenye 86, fulu kwenye 85. Swichi yako ya ndani ikatize mojawapo, ili uweze kuzizima taa za ziada ukitaka fulu peke yake. Kama rilei yako ina dayodi ndani (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), usigeuze pini hizo mbili, utaiua dayodi papo hapo.

Temino zibane kwa koleo la kubania temino, siyo plaizi. Ukimaliza, vuta kila waya kwa nguvu. Ukitoka mkononi, shukuru umetoka mezani. Ethi ya taa ipeleke kwenye chuma kilichosuguliwa kwa msasa hadi king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi juu. Halafu weka alama. Mimi natumia rangi tofauti za waya kwa kila taa, na kwenye bati nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika: BAMPA, KERIA, NYUMA. Karatasi yenye mchoro ipo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya dashibodi. Bati lote unalijaribu kwa betri pale pale mezani, kila rilei utaisikia ikigonga "ta", ndipo unaliingiza garini kwa bolti tatu.

Nunua rilei za aina moja zote, na ukiweza ziwe sawa na ya honi. Ikifa moja porini unaazima ya honi kwa dakika moja.

Na ukishamaliza, usilisahau bati lako. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbaya, fungua boneti, shika kila rilei na uitikise kwa vidole. Mimi nilipotoka Natron mara ya pili nilikuta bolti moja ya matigadi imelegea nusu mzunguko. Nilikuwa nimesahau kuiwekea washa ya springi. Nikaiweka pale pale, na hadi leo haijalegea.