Kusoma sauti ya risiva: kwa vijana wanaoanza ufundi Kisumu

Ukianza kufunga risiva (kile kisanduku chenye amplifaya kinachoendesha spika) na spika majumbani, haitachukua muda mwenye nyumba akuite: "Fundi, hapa kwenye sauti imeandika -40. Kwani imeharibika?" Haijaharibika. Jifunze kulijibu swali hilo vizuri, maana spika nyingi zinazoletwa kwa fundi zikiwa zimeungua zina wenyewe ambao hawakuwahi kuelezwa namba ile inasema nini.

Kitufe cha sauti hakiongezi nguvu. Anayekuza sauti ni amplifaya iliyo ndani, na hukuza kwa kiwango kilekile wakati wote. Kitufe kimekaa kabla yake kama koki kwenye bomba, kinabana kile kinachoingia. Kwa hiyo -40 ni desibeli 40 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya alama ya sifuri. Kwenye risiva za sinema za nyumbani sifuri hiyo ina maana yake: ukishapima chumba kwa ile maikrofoni ndogo inayokuja ndani ya katoni, 0 ndiyo sauti ya ukumbi wa sinema, ambapo kila spika kuu inaweza kupiga kilele cha desibeli 105 pale mtu anapokaa. Sijaona sebule ya Milimani wala Tom Mboya inayohitaji hivyo. Denon na Marantz hukuruhusu kuchagua kioo kisome desibeli au kisome 0 hadi 98. Ni kipimo kilekile, 80 ya huku ndiyo sifuri ya kule. Mzee asiyependa alama ya kutoa, mwekee ya pili na umwambie 80 si mahali pa kufika.

Sasa shika hesabu hii, kwa sababu ndiyo itakayokutofautisha na mtu wa kuunganisha waya tu. Kila desibeli 3 zinadai wati mara mbili. Kila desibeli 10 zinadai wati mara 10, na sikio hulipokea ongezeko hilo kama sauti iliyokua mara mbili hivi. Chukua spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) iliyoandikwa 87 dB: wati moja tu inatoa desibeli 87 ukiwa mita moja. Tuseme mteja anasikiliza kwenye -30 na vilele vya muziki vinatumia hiyo wati moja. Akipandisha hadi -20, vinataka wati 10. Akifika -10, wati 100. Kwenye kioo amesogea hatua 20, lakini amplifaya imeombwa nguvu mara 100, na pengine ni ya wati 80.

Hapo ndipo sauti inaanza kupasuka. Amplifaya ikiishiwa, inakata vichwa vya mawimbi, na mkato huo huzaa sauti nyembamba nyingi ambazo zote huelekea kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Koili ya twita ni waya mwembamba sana. Haivumilii joto hilo. Ukiletewa spika isiyotoa sauti ya juu, fungua, itoe twita, chomoa waya zake, ndipo uweke mita ya kupimia omu. Usipime ukiwa nje ya kasha, kwa kuwa ndani kuna kapasita inayozuia mita. Twita nzima ya omu 8 husoma karibu na 6. Mita isiposoma chochote, koili imekatika, na mara nyingi pua itakuwa imekwisha kukuambia.

Kwenye amplifaya za mtumba zenye kitufe cha kuzungusha, usiamini kwamba nusu ya mzunguko ni nusu ya nguvu. Mashine ya CD hutoa volti 2 hivi, na kwa nyingi ya amplifaya hizo nguvu zote huwa zimekwisha kitufe kikiwa katikati au hata kabla. Kinachobaki mbele ni mpasuko. Na zile woofa zenye stika ya maelfu ya wati PMPO, namba ya matangazo tu, zigeuze nyuma mbele ya mteja, msome pamoja kibao cha umeme. Kikisema inakula wati 60 za stima, haiwezi kutoa maelfu. Tafuta neno RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo, hilo ndilo la kuzungumzia.

Chanzo nacho kina kitufe chake, na watu hukisahau. Kijana anaunganisha simu kwa Bluetooth ikiwa imeshushwa nusu, anapandisha risiva hadi -5 ili asikie benga yake, kisha mama mwenye nyumba anarudisha dikoda kutazama taarifa ya habari. Mlipuko. Wafundishe wapandishe simu karibu na mwisho kwanza, halafu warekebishe kwa risiva. Ingia pia kwenye menyu, uweke kikomo cha sauti na kiwango cha sauti risiva inapowashwa. Risiva nyingi zinavyo vyote viwili, na naona ni vibaya kuondoka nyumbani kwa mtu mwenye watoto hujaviweka.

Mvua ya hapa kwetu ikipiga mabati bila dari, televisheni haisikiki, na kila mtu hukimbilia rimoti. Sogeza spika kwanza. Kwenye uwanja wazi, kutoka mita 4 hadi mita 2 unapata desibeli 6, sawa na kuongeza wati mara 4. Ndani ya nyumba faida hupungua kwa sababu ya kuta, lakini bado ni kubwa na haichomi kitu. Kama tatizo ni maneno ya filamu kumezwa na milipuko, pandisha spika ya katikati desibeli 2 au 3, uache kitufe kikuu kilipo.

Masikio yana hesabu yao. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Kwenye 90, ni saa 4 tu. Wewe unayejaribu spika mchana kutwa uko hatarini kuliko mteja. Na kwa wapangaji wa ploti za Nyalenda au Manyatta, waeleze kwamba besi hupita ukutani hata sauti nyingine zikibaki ndani. Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, huweka kiwango cha usiku chini ya cha mchana, kwa hiyo punguza woofa peke yake ikifika jioni.

Kabla ya kukusanya vifaa, piga wimbo wanaoupenda, pandisha polepole huku mwenyewe akisikiliza, usimame pale sauti inapoanza kukwaruza. Rudi nyuma desibeli 5, uiandike namba hiyo kwenye kipande cha tepu, ubandike pembeni ya risiva. Akibadilisha spika, bandua tepu uanze kupima upya.