Pima damu kabla hujalamba huo unga

Mleta mada, umesema vidonda vya mdomoni vinakurudia kila mwezi, umeshanunua pakiti mbili za unga wa Kihindi usio na jina, na unauliza ulambe asubuhi au usiku. Usilambe kabisa. Weka chini unisikilize.

Mimi nililamba miezi mitano. Vidonda vyangu vilikuwa chini ya ulimi na ndani ya shavu, vyeupe katikati, vyekundu pembeni. Chai ya moto haipiti, pilipili ndiyo usiseme. Muuza dawa mmoja akanishika mkono, akasikiliza mapigo, akasema "pitta imepanda, mwili una moto." Pitta ni nguvu ya joto mwilini kwa mujibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi. Akanifungia unga wa rangi ya tofali kwenye vikaratasi vya gazeti, nilambe na asali kutwa mara mbili. Nikamuuliza ndani kuna nini. "Mitishamba tu, haina madhara." Muongo mkubwa! Ule ulikuwa bhasma, madini yaliyochomwa mpaka yakawa majivu.

Mwezi wa tatu tumbo likaanza kusokota, siku nne sipati choo. Nikarudi kwake. Akasema hiyo ni sumu inatoka, niongeze dozi. Nikaongeza. Mwezi wa tano nikaanguka ngazini nyumbani, mwanangu akinitazama. Hospitali wingi wa damu (hemoglobini) ukasoma 7, chini sana. Daktari, mama mmoja mtulivu, akaniuliza kama natumia dawa yoyote ya mitaani, nikamtolea kikaratasi kutoka kwenye pochi. Sampuli ya damu yangu ikapelekwa nje ya nchi, majibu yakarudi: madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, mikrogramu 52 kwa desilita. Kwa mtu mzima hata 5 ni ya kuulizia.

Na jambo hili si la muuzaji wangu peke yake. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya dawa 70 za Kiayurveda zilizonunuliwa maduka ya Boston: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba vidonda vyenyewe vilitokana na upungufu wa vitamini B12. Nina kisukari, nimemeza metformin miaka saba, na ikitumika muda mrefu huweza kushusha B12. Zilipoanza sindano za B12, vidonda vikaacha kurudi. Kipimo kimoja tu kingeniokoa!

Wala siitukani Ayurveda. India daktari wake husoma shahada miaka mitano na nusu, huyu wangu hakuwa na hata cheti cha ukutani. Kusukutua maji ya triphala (amla, haritaki na bibhitaki yaliyochemshwa), ukayatema, ni kitu kingine kabisa na kulamba unga usioujua.

Kwa hiyo mkuu, damu kwanza: picha kamili ya damu, madini ya chuma, foleti (vitamini B9), B12, sukari na VVU. Dawa yoyote baadaye. Na kidonda kimoja kikipitisha wiki tatu hakijafunga, nenda hospitali hata kama hakiumi.

Hizo pakiti usizitupe. Zitie kwenye mfuko wa plastiki, zifunge, mpelekee daktari pamoja na orodha ya kila kidonge unachomeza. Yangu ndiyo iliyomwonyesha pa kuanzia. Kesho asubuhi nenda.