Klabu ya viatu vya farasi na madaftari yaliyochukuliwa na maji

Swali la wiki lilikuwa: “Ni klabu gani ndogo ya mahali unapoishi ambayo historia yake inastahili kuandikwa, na kwa nini?” Mimi sina haja ya kufikiri mara mbili. Ni klabu ya kutupa viatu vya farasi ya mtaani kwetu, hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, ambako huu ni mwaka wangu wa saba tangu nitoke Ujiji.

Kwetu mchezo huu haupo, kwa hiyo nieleze kidogo. Vigingi viwili vya chuma husimikwa ardhini, kimoja huku na kingine kule, umbali wa futi 40, yaani mita 12 na ushee. Kila kimoja huchomoza kama sentimita 37 na kuinama kidogo kuelekea mwenzake. Unatupa viatu viwili, mpinzani naye viwili. Kiatu kikikumbatia kigingi unapata pointi 3. Kikilala karibu, ndani ya sentimita 15, pointi 1. Viatu vyenu wote wawili vikikumbatia, pointi zinafutana. Kiatu kilichokumbatia wenyewe wanakiita ringa, na mimi Mswahili nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilifurahi, kwani mtu akikipata kweli ana haki ya kuringa. Kile chuma kinaweza kufika kilo 1 na gramu 190, mdomo wake, ule upande ulio wazi, ni sentimita 9 hivi, na lazima ukizungushe hewani kwa hesabu ili kifike mdomo ukiwa mbele. Kikifika kimegeuka, kinagonga na kuruka.

Wazee wa klabu wanajua asili ya mchezo wao kama sisi tunavyojua nasaba. Watakwambia kwamba yapata mwaka 1909, huko Bronson, Kansas, yalifanyika mashindano yaliyoitwa ya dunia, vigingi vikiwa vimechomoza inchi 2 tu juu ya ardhi, na mshindi alikuwa Frank Jackson wa Kellerton, kijiji cha hapa hapa Iowa. Alivikwa mkanda wa ubingwa. Mwaka 1914 kikaundwa chama chenye kanuni mjini Kansas City, na mwaka 1919 watupaji wakakutana St. Petersburg, Florida, kule watu wa kaskazini wanakokimbilia baridi ikizidi. Mwaka 1922 mashindano ya dunia yakafika Des Moines kwenyewe. Kuna pia Putt Mossman wa Eldora, bingwa wa dunia mwaka 1924, ambaye baadaye alizunguka nchi za watu akifanya vituko vya pikipiki. Jina lake likitajwa kila mzee anataka kusimulia yeye.

Hayo yote yako vitabuni. Ninayoyalilia mimi ni mengine.

Siku ya kwanza nilipita pale bustanini nikitoka kazini, nikasikia mlio wa chuma kwa chuma, nikasimama. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani hakuniuliza natoka wapi wala nimekuja lini. Alinikabidhi ndoo akasema, “Kijana, niletee maji.” Nikaleta. Akapiga magoti kwenye shimo la kigingi na kuanza kuukanda udongo kwa mikono.

Udongo ule ndio roho ya klabu. Si mchanga, ni udongo wa mfinyanzi wenye rangi ya bluu iliyokoza. Ukikauka, kiatu kinadunda na kukimbia. Ukizidi maji, kinazama na kurusha matope usoni. Mzee alikuwa akimwaga maji kidogo, anageuza kwa sepetu, anaminya donge kiganjani, anamwaga tena. Aliponipa nilishike nikajua mara moja: ulaini wa unga wa chapati uliokwisha kukandwa, ule usionata vidoleni. Kiatu kikiangukia udongo wa namna hiyo kinakaa pale pale kilipoangukia. Jioni mashimo hufunikwa, asubuhi hufunuliwa, na kuna zamu. Nikakumbuka msemo wa mama yangu, udongo uwahi ungali maji, na kwa mara ya kwanza maishani niliuona ukiwa udongo kweli.

Nilipomuuliza klabu ilianza lini, aliangalia mto.

Julai 1993 mito ya hapa ilifurika. Maji ya mto Raccoon yaliingia kwenye mtambo wa maji wa jiji, watu robo milioni wakakaa siku kama 12 bila tone bombani. Wengi wanalikumbuka hilo. Wachache sana wanakumbuka kwamba katika chumba cha chini cha nyumba ya aliyekuwa katibu wa klabu kulikuwa na sanduku la madaftari: nani alicheza na nani, viatu vingapi vilitupwa, ringa ngapi, nani alileta udongo kutoka wapi, nani alifariki na nani akachukua zamu yake. Yaligeuka uji. Viwanja vyenyewe vililala chini ya matope, na wanachama walivichimbua kwa sepetu, kigingi kimoja kimoja.

Kwa hiyo klabu ina daftari linaloanzia baada ya mafuriko, na kabla ya hapo ina vinywa tu. Vinywa hivyo vinapungua. Nilipojiunga, wazee waliocheza kabla ya yale maji walikuwa sita. Leo ni watatu. Kanuni zinawaruhusu waliotimiza miaka 70 kutupia umbali wa futi 30, na wote watatu wanatupia hapo. Mmoja anasema waanzilishi walikuwa wakulima waliohamia mjini trekta lilipowaondolea farasi. Mwingine anakataa, anasema ni mafundi wa reli waliokuwa wakitupa viatu saa ya chakula. Wa tatu anasema wote wako sahihi. Mimi naandika yote matatu, na aliyesema, na siku aliyosema, maana nimekuwa mwandishi wa klabu kwa sababu mkono wangu unasomeka. Kila Jumatano baada ya mchezo wa mwisho naketi na mmoja wao kwenye benchi, na daftari gotini.

Ndiyo maana swali lenu lilinigusa. Mtu akisema historia ya klabu ndogo ni orodha ya vikombe, simkubalii. Mchezaji wa dunia kama Alan Francis, aliyetwaa ubingwa zaidi ya mara 20, ana watu wa kumwandika. Yule aliyebeba udongo kwa toroli ili wengine wacheze, hana.

Na Ujiji pia wapo. Babu yangu alikuwa na kijiwe cha bao chini ya mwembe, watu wanatoka alasiri msikitini wanaketi mpaka magharibi. Bao lao lilikuwa zito, mashimo yake yameng'aa kwa vidole. Juzi nimempigia simu mjomba.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Kwema huko?”

Nikamuuliza lile bao alilichonga nani. Akakaa kimya muda, nikasikia jogoo wa jirani akiwika.

“Mimi nimelikuta,” akasema. “Anayejua amebaki mmoja, na haoni tena. Nitakwenda kesho baada ya alfajiri.”

Nikamwomba achukue kalamu.