Kufuli la Kazi za Ratiba Likae Kwenye Hifadhidata

Juzi kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Kaka, wateja wangu wanapokea SMS ya rejesho mara mbili. `withoutOverlapping()` nimeiweka na bado. Nifanyeje?" Hiyo `withoutOverlapping()` ni amri ya Laravel, mfumo wa kujengea programu za PHP; huweka kufuli, yaani alama ya kuzuia kazi ya ratiba (ile seva huiendesha yenyewe saa iliyopangwa) isianze tena ikiwa bado inaendelea. Nimemjibu, lakini swali hili linaniuma, kwa hiyo nalijibu tena hapa kwa wote.

Niliwahi kukijengea mfumo wa Laravel chama kimoja cha akiba na mikopo. Kila siku saa mbili asubuhi mfumo ulipitia mikopo inayodaiwa na kutuma ukumbusho. Kwenye seva moja ulitembea bila tatizo. Siku walipotaka kuongeza seva ya pili niliwaandikia barua pepe: kache (hifadhi ya muda ya mfumo) bado iko kwenye faili, ihamishieni kwenye hifadhidata kwanza. Nikaambiwa natafuta kazi ya kujiongezea malipo. Seva ikaongezwa, na wanachama wakaanza kupokea SMS mbilimbili. Mama mmoja mtu mzima alifika ofisini ameshika stakabadhi zake zote, anauliza deni lake limeongezeka lini. Lawama zikaangukia kwangu. Ile barua pepe ninayo mpaka leo.

Sababu yenyewe ni hii. `withoutOverlapping()` huweka kufuli lake kwenye kache. Kache ikiwa ni faili, kila seva ina faili zake, hivyo kila moja inajiona ndiyo mwenye zamu. Ndiyo maana nasisitiza kufuli likae kwenye hifadhidata ambayo seva zote zinaisoma. Laravel 11 inakuja tayari na `CACHE_STORE=database` pamoja na jedwali la `cache_locks`; kwenye mradi wa zamani, hakikisha mwenyewe.

Hata hapo hujamaliza. Seva ya kwanza ikimaliza kazi kwa sekunde tatu, kufuli linaachiwa. Ya pili ikichelewa kidogo inakuta mlango wazi na inatuma upya. Hapo unahitaji `onOneServer()`, amri ya kufanya kila zamu iendeshwe na seva moja tu, ambayo kufuli lake hubeba saa na dakika ya zamu na haliachiwi kazi inapoisha. Tumia vyote viwili.

Halafu muda. Usipotaja chochote, kufuli la `withoutOverlapping()` hudumu dakika 1440, yaani siku nzima. Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, kesho yake huenda kusiwe na SMS hata moja, wala kosa lolote kwenye logi. Andika `withoutOverlapping(15)`, au muda wowote unaozidi kidogo ule ambao kazi yako huchukua. Likishakwama, `php artisan schedule:clear-cache` italiondoa.

Kwa mnaoandika PHP tupu na MySQL, `SELECT GET_LOCK('tuma_sms', 0)` inafanya kazi ya `withoutOverlapping()`: ikirudisha 1 endelea, ikirudisha 0 ondoka. Uzuri wake ni kwamba muunganisho ukikatika, kufuli linajiachia lenyewe. Ila usiwashe `PDO::ATTR_PERSISTENT` (mpangilio wa PHP wa kutofunga muunganisho), maana muunganisho utabaki hai na kufuli litabaki nao.

Vijana wenzangu, mteja hajui kufuli ni nini. Anachojua ni kwamba simu yake imelia mara mbili na jina lake linadaiwa. Heshimuni hilo. Msikubali kuharakishwa na mtu ambaye hatakuwepo lawama zikifika. Andikeni tahadhari zenu, mzitume, mzihifadhi. Na kufuli, narudia, likae kwenye hifadhidata.

Juu ya kufuli mimi huweka kinga nyingine: jedwali la SMS zilizotumwa lenye ufunguo wa `UNIQUE`, yaani usioruhusu marudio, kwa namba ya mkopo na tarehe. Kabla ya kutuma, naingiza mstari kwa `INSERT IGNORE`, ambayo huuruka mstari uliokwisha kuwepo. Usipoingia, SMS haitumwi. Mwisho wa mwezi uliopita mfumo wangu mmoja ulipitia zamu zake zote kwenye seva mbili, na hakuna mwanachama aliyepokea ujumbe wa pili. Najivunia kazi hiyo.

Mdogo wangu wa Mwanza, ukishafanya yote hayo na SMS bado zinakuja mbili, ingia kwenye kila seva uandike `crontab -l` ili uone ratiba zake, kwanza kama root (mtumiaji mkuu wa seva), kisha kama `www-data` (mtumiaji wa tovuti). Mara nyingi kuna mstari wa zamani unaoita `schedule:run`, amri ya kuendesha ratiba, kutoka folda ya toleo lililopita, lenye faili ya mipangilio `.env` ambayo bado inasema kache ni faili.