Seli "zinatambua" au "zinatambuana"?

Swali: Mimi ni muuguzi, Kisauni, na huwafundisha wahudumu wa afya ya jamii habari za chanjo. Niliandika: "Seli T na seli yenye virusi zinatambuana, kisha seli T wanaua." Mwenzangu akafuta "zinatambuana", akaweka "zinatambua". Nani yuko sawa?

Jibu: Dada, hakuna kati yenu. Kauli ya kutendana hutaka tendo liende na lirudi. Asha akimwona Juma kwenye feri ya Likoni, naye Juma asimwone, Asha amemtambua tu, hawajatambuana. Mwenzako naye ameacha kitenzi bila yambwa, yaani kile kinachotendwa, na msomaji atauliza: zinatambua nini?

Sasa tuangalie mwilini, maana ndiko jibu liliko. Seli T ni seli nyeupe za damu zinazoukinga mwili. Seli iliyoingiliwa na virusi hukatakata protini zake, zikiwemo za virusi, kisha huvitoa vipande hivyo kwenye utando wake wa nje vikiwa vimebebwa na molekuli ziitwazo MHC. Kipokezi cha seli T hakishughuliki na kirusi kizima. Hukagua kipande pamoja na MHC iliyokibeba, vyote viwili kwa mpigo. Waliogundua jambo hilo huko Canberra, Australia, miaka ya 1970, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Basi anayekagua ni mmoja, na mwenziwe anakaguliwa. Andika: "Seli T huitambua seli yenye virusi." Hiyo -i- usiidondoshe kamwe, ndiyo inayomwonyesha mtambuliwa.

Hata hivyo -ana ina mahali pake. Molekuli za seli zote mbili hujifunga pamoja, kwa hiyo "zinashikana" ni sahihi kabisa. Seli nyingi za saratani hufaidika na mshikano wa aina hiyo: protini PD-L1 iliyo juu yake hushikana na kipokezi PD-1 cha seli T, na seli T ikaacha kushambulia. Molekuli zimeshikana, ndiyo, lakini seli ya saratani ndiyo *inayoizuia* seli T. Ukiandika "zinazuiana" utakuwa umempotosha msikilizaji wako juu ya ugonjwa wenyewe.

Na "seli T wanaua" rekebisha pia. Seli ni hai, lakini hata mwembe u hai na hatusemi "mwembe anazaa". Upatanisho wa A-WA ni wa watu na wanyama. Seli T zinaua: hutoboa utando kwa protini iitwayo perforini, zikaingiza vimeng'enya vinavyoifanya seli ile ijiue.