Jibu: Kuwaalika majirani Wakristo kwenye futari

Dada, umeuliza uwaalike vipi majirani Wakristo wafuturu kwenu, na uwaeleze nini. Usiwaambie tu "njooni Magharibi", maana wengi hawaijui saa ya swala hiyo ya jua likizama. Kama adhana ni saa 12:30, waambie wafike saa 12:15. Wakija saa 1 watakuta vyombo vinaoshwa.

Wakiketi, eleza kwa ufupi: tunajizuia kula na kunywa tangu alfajiri hadi jua lizame, hata maji. Mgonjwa, msafiri na mwenye hedhi hawafungi, huzilipa siku hizo baadaye. Hilo la hedhi mwambie jirani wa kike pembeni, asije akamuuliza binti yako mbele za watu mbona leo anakula.

Adhana ikilia, wape tende na maji pamoja nanyi. Hapa ndipo wenyeji wengi huharibu: wote wanaondoka kuswali, mgeni anabaki peke yake hajui aendelee au asubiri. Mwambie mapema kwamba swala ni rakaa tatu, dakika kumi hivi, naye aendelee na uji na kaimati. Mihogo ya nazi na samaki ipakuliwe mkirudi.

Maswali ya Yesu yatakuja tu. Sema wazi: kwetu Isa ni Mtume, amezaliwa na Maryam bila baba, na Sura ya 19 ina jina la mama yake. Mgeni akiuliza kama Yesu ni Mwana wa Mungu, jibu kwamba hatuamini hivyo, kisha mwongezee chai. Mihadhara ya kubishana dini ina viwanja vyake.