Kurekodi wazee wa Himalaya kulianza kabla ya intaneti

Wapo wanaodai kuwa kazi ya kurekodi wazee wa Himalaya ilianza na simu za mkononi. Hapana, haikuanza hivyo. Mwanaanthropolojia Christoph von Fürer-Haimendorf alianza utafiti miongoni mwa Washerpa wa Khumbu, Nepal, mwaka 1953, naye mwanaanthropolojia mwenzake Alan Macfarlane akaenda kuishi Thak, kijiji cha Wagurung, jamii nyingine ya Nepal, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kilichokuja mwaka 2000 ni mradi wa Digital Himalaya, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge na Macfarlane pamoja na Mark Turin ili filamu, picha na sauti za zamani zihifadhiwe kidijitali kabla hazijaharibika.

Hata hivyo, kurekodi pekee hakutoshi. Katika matanga ya Wagurung, mganga wa kimila aitwaye pachyu huimba masimulizi marefu yanayoiongoza roho ya marehemu, kituo baada ya kituo, hadi nchi ya mababu, akitaja mahali inapopita; mganga huyo asipoulizwa maana ya masimulizi hayo angali hai, tutabaki na sauti safi isiyoeleweka hata na wajukuu zake. Kwa maoni yangu, ufafanuzi huo ndio wa kukimbiliwa kwanza.